Maonyesho ya Gold Key: kazi za wanafunzi zikitoka kwenye skrini na kupanda ukutani

Kila mwaka, baridi ya Marekani ikiwa bado haijaisha, baadhi ya makumbusho ya sanaa nchini humo hutenga kumbi zake kwa kazi za wanafunzi. Fort Wayne Museum of Art, jimboni Indiana, hufanya hivyo kwa shule za kaskazini-mashariki mwa jimbo hilo na za kaskazini-magharibi mwa Ohio. Memphis Brooks Museum, makumbusho ya sanaa kongwe kuliko yote Tennessee, yaliyoanzishwa mwaka 1916, yamefanya hivyo kwa shule za ukanda wa Memphis. Mikoa mingine ina kumbi zake. Popote utakapoyakuta, shina ni moja: hizi ni kazi zilizoshinda katika Scholastic Art & Writing Awards, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1923 na Maurice R. Robinson, mwasisi wa kampuni ya uchapishaji ya Scholastic. Andy Warhol na Philip Pearlstein, vijana wa Pittsburgh waliokuja kuwa wachoraji mashuhuri, walipata tuzo humo wakiwa bado wanafunzi.

Tutoe hukumu mapema: ni maonyesho ya kwenda kuyaona, na kwa mzazi mwenye mtoto anayechora, ni ya kwenda naye. Ila yana namna yake ya kutazamwa. Mtu akipita ukuta kwa ukuta kama anayekagua foleni, atatoka baada ya dakika 20 akisema watoto wamejitahidi, na atakuwa hajaona kitu.

Kwanza aelewe kazi hizi zimefikaje hapo. Mashindano hupokea wanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12, kuanzia umri wa miaka 13, wawe wa shule za serikali, za binafsi au wanaosomea nyumbani. Majaji hupima mambo matatu: upya wa wazo, ustadi wa mkono, na sauti ya msanii mwenyewe. Hawaambiwi jina la mwanafunzi wala shule yake. Sisi tuliolelewa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, au na matamasha ya kwaya na maigizo ya shule za Kenya, tumezoea jaji anayemwona mwanafunzi jukwaani, akaona sare yake, akasikia shangwe za shule yake. Hapa hakuna jukwaa. Kazi inasema peke yake au inanyamaza.

Tuzo za mkoa ni tatu. Ya juu ni Gold Key, yaani Ufunguo wa Dhahabu. Inafuata Silver Key, Ufunguo wa Fedha. Kisha kutajwa kwa heshima. Kazi za Dhahabu ndizo zinazosonga mbele kupimwa kitaifa, matokeo hutoka mwezi Machi, na washindi wa kitaifa hualikwa New York, ambako sherehe yao hufanyika Carnegie Hall mwezi Juni. Kila mkoa pia huteua kazi 5 kuwa bora kabisa na kuziita American Visions, na moja kati ya hizo hupata medali. Kwa hiyo mgeni akisoma neno hilo kwenye kibandiko, ajue amesimama mbele ya kazi ambayo mkoa uliihesabu kati ya zilizo bora kabisa.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawalijui, na ndilo linalobadilisha namna ya kutazama: majaji huona picha ya kazi iliyopakiwa mtandaoni. Mwanafunzi hupiga picha mchoro wake, hujaza fomu, hutuma. Kazi yenyewe hufika makumbusho baada ya kushinda. Basi ukuta wa maonyesho ni mtihani wa pili ambao hakuna anayeutolea tuzo, na jaji wake ni wewe uliyesimama pale.

Matokeo yake unayaona waziwazi. Kwenye skrini, mchoro wa ukubwa wa daftari na turubai la mita moja na nusu hulingana. Ukutani, mdogo unaweza kukuvuta mpaka pua ikaribie kioo, na mkubwa ukaonekana mtupu katikati, kwa sababu mchoraji alijaza pembeni akachoka. Rangi ya mafuta iliyopakwa nene kwa kisu, yenye matuta yanayoshika mwanga, kwenye skrini ilikuwa doa tu, ukutani inapumua. Mchoro wa penseli uliokolezwa mno nao hupatwa na kinyume chake: sehemu zilizopaswa kuwa nyeusi tititi hung'aa kama bati chini ya taa, maana risasi ya penseli hurudisha mwanga. Wanaojua hutumia mkaa au penseli ya kaboni kwenye giza kuu, na penseli ya kawaida kwenye kijivu.

Kwa hiyo tunashauri hatua tatu mbele ya kila kazi inayokuita. Simama kwanza kama mita 3, utazame mpangilio: jicho linaingilia wapi, linatokea wapi, kuna pahali linakwama? Halafu sogea hadi sentimita 40 hivi uone mkono: mistari imefutwa mara ngapi, rangi imewekwa kwa tabaka au kwa pupa. Mwisho nenda pembeni, utazame kwa ubavu. Hapo utaona karatasi iliyojikunja kwa maji, gundi iliyofura chini ya kolaji, na alama za penseli za mwanzo ambazo msanii aliamua kuziacha. Ubavuni ndiko kazi inakosema ukweli.

Sehemu yenye utajiri kuliko zote katika maonyesho haya ni nyuso. Mikoa yote ina wingi wa picha za watu, na nyingi ni za wanafunzi waliojichora wenyewe. Hapa ndipo ustadi na udhaifu hukaa bega kwa bega. Kosa la kawaida ni kunakili picha ya simu bila kuihoji. Kamera ya simu ikishikwa karibu na uso huvimbisha pua na kurudisha masikio nyuma. Mchoraji anayenakili kila kitu hunakili na uongo wa lenzi. Flashi nayo hufuta vivuli, uso ukabaki bapa kama sahani. Mchoro wa namna hiyo unaweza kuwa na kila unywele na kila kinyweleo cha ngozi, na bado hakuna fuvu ndani. Tafuta kivuli chini ya mdomo wa chini, chini ya kidevu, na kwenye kona ya ndani ya jicho. Vikiwepo na vikiwa na uzito tofauti, huyo ametazama mtu. Visipokuwepo, ametazama picha.

Ngozi nyeusi ni mtihani wake peke yake, na inatuhusu. Wanaoanza huchanganya kahawia na nyeusi, wakitaka kivuli huongeza nyeusi, wakitaka mwanga huongeza nyeupe. Matokeo ni vumbi: nyeupe huifanya ngozi kuwa ya kijivu, nyeusi huiua. Kazi zinazofanikiwa utazitambua kutoka mlangoni. Vivuli vyake vina zambarau, bluu na nyekundu iliyokolea, na mahali mwanga unapogonga, yaani paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua, rangi si nyeupe bali ni ya kile kinachoangaza: bluu ya dirisha au chungwa la taa. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huonekana kwa ukali kuliko kwenye ngozi nyeupe, maana rangi inayouzunguka ni nzito zaidi, kwa hiyo doa la mwanga lapaswa kuwa dogo na lenye kingo kali. Mwanafunzi wa miaka 16 aliyeligundua hilo mwenyewe amefika mbali.

Na kitenge. Watoto wa familia kutoka Afrika Mashariki na Kongo huchora mama, bibi, harusi, meza ya chakula, nywele zikisukwa, na kitambaa chetu huonekana mara kwa mara. Tazama maua ya kitenge pale nguo inapokunjika gotini au kiunoni. Mchoraji asiye makini hupaka mchoro wa kitambaa kama umebandikwa juu ya picha: duara linabaki duara hata kwenye mkunjo. Aliye makini hulikata duara, sehemu ikaingia ndani ya mkunjo na kupotea, sehemu ikajitokeza upande wa pili ikiwa imebanwa. Hilo ni jambo dogo kulisema, lakini ni kazi ya saa nyingi. Ukilikuta, mwonyeshe mtoto wako kwa kidole, bila kugusa.

Kwenye ufinyanzi, mgeni wa kawaida hupita haraka, na anapoteza. Udongo wa ukuta mnene kupita sentimita 1 ambao haukukauka hadi ndani hupasuka tanurini. Maji yaliyobaki hugeuka mvuke joto linapofika nyuzi 100 na kutafuta pa kutokea. Wengi hulaumu hewa iliyonaswa ndani, lakini chanzo ni unyevu. Kwa hiyo sanamu kubwa ya udongo iliyofika makumbusho ikiwa nzima kwa kawaida imetengenezwa wazi ndani, mara nyingi kwa kamba za udongo zilizopandishwa moja juu ya nyingine, na imekaushwa taratibu kwa siku nyingi chini ya plastiki. Chungulia kwenye uwazi wa mdomo au wa chini uone ukuta wake. Angalia pia rangi ya kung'aa inapoishia karibu na kitako: ikiachwa mstari safi wa milimita chache, aliyeifanya alijua kwamba rangi ikifika chini kabisa huyeyuka na kukigandisha chombo kwenye rafu ya tanuri.

Picha za kuchapa kwa linoleamu, yaani kwa bamba laini lililochongwa, zina lugha yake. Tarakimu za penseli chini, tuseme 3/10, maana yake hii ni nakala ya 3 kati ya 10. Zikiwa na rangi mbili au zaidi, kagua kingo: kila rangi ilichapwa kivyake, na karatasi ikiteleza hata milimita 1 utaona mstari mweupe au rangi zikipandana. Mkoa wenye walimu wazuri wa uchapaji huonekana hapo hapo.

Upande wa utundikaji, makumbusho huwapa vijana hawa kitu ambacho ukumbi wa shule hauwezi. Katikati ya picha huwekwa kimo cha sentimita 145 hadi 152 kutoka sakafuni, jicho la mtu mzima lilipo. Kazi za karatasi humulikwa kwa mwanga hafifu, kiwango kinachoheshimiwa kikiwa lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kwa sababu mwanga mkali hupausha rangi. Turubai la mafuta huvumilia lux 200. Mgeni akilalamika kwamba chumba cha rangi ya maji ni cha giza, ajue si uvivu wa fundi wa taa. Asubiri dakika mbili, macho yatazoea.

Yanakopungua ni mahali pengine. Wingi wa kazi huwalazimisha wasimamizi wengi kutundika safu mbili au tatu kwenda juu, na picha ya safu ya juu hupigwa na mng'ao wa taa hata usiione. Vibandiko navyo ni bubu: jina, darasa, shule, aina ya tuzo, basi. Katika mashindano yenye kigezo cha sauti ya msanii, sentensi mbili za msanii mwenyewe zingesaidia sana, hasa kwa kazi za vitu mchanganyiko, ambako mgeni hawezi kujua kwamba ile karatasi iliyochanika ni barua au ni gazeti. Tungependa kila mkoa uziweke.

Filamu na uhuishaji huathirika zaidi. Mara nyingi hupewa skrini moja, bila kiti, kwenye njia ya wapitaji, na sauti ikipunguzwa hadi isisikike. Kazi ya dakika 4 haitazamwi kwa kusimama mlangoni. Michoro ya kompyuta nayo hushindwa pale inapochapishwa kwenye karatasi ya picha inayong'aa, ilhali ilibuniwa kwa mwanga wa skrini. Rangi hushuka, weusi huwa wa kijani. Karatasi isiyong'aa, nzito, ingeokoa nyingi. Hapa pia ijulikane kwamba kazi iliyotengenezwa kwa akili mnemba hairuhusiwi katika mashindano haya, wala kunakili picha ya mtu mwingine na kuiita yako.

Pale ambapo kazi za Ufunguo wa Fedha nazo hutundikwa, kati ya kuta zote tunaupenda zaidi ule wa Fedha. Dhahabu imekamilika, Fedha mara nyingi ni kazi iliyojaribu jambo gumu ikajikwaa mahali pamoja. Mikono ambayo haikuwa sawa, anga iliyochoka, lakini wazo ambalo hujaliona popote. Kijana anayejifunza hupata zaidi hapo, kwa sababu kosa linaonekana na linaweza kutajwa.

Kwa mzazi anayetaka mtoto wake awemo mwaka unaofuata: milango ya kutuma hufunguliwa Septemba, na siku ya mwisho hutofautiana kwa mkoa, kwa kawaida kati ya Desemba na Januari. Ada imekuwa dola 10 kwa kazi moja na dola 30 kwa mkusanyo wa kazi wa wanaomaliza darasa la 12, na kuna fomu ya kuomba msamaha wa ada. Familia isiyo na uwezo isione haya kuijaza. Kwa kuwa kila kitu kinaanza na picha, piga picha kwa uangalifu kama ulivyochora. Weka kazi ukutani au sakafuni karibu na dirisha siku ya mawingu, zima taa za ndani ili rangi zisigeuke njano, ondoa kioo na fremu, shika kamera sambamba kabisa na kazi ili pembe nne ziwe mraba, kisha kata ukuta na meza vyote vinavyoonekana pembeni. Kwa sanamu, tuma pande kadhaa na moja ya karibu. Kazi nzuri zimeanguka kwa sababu ya kivuli cha simu kilicholala katikati ya picha.

Akishinda, kuna kazi ya pili. Mkaa na pasteli vipulizwe dawa ya kushikilia, nje ya nyumba, kutoka sentimita 30, kwa tabaka nyepesi mbili au tatu. Ukipuliza nyingi kwa mara moja mchoro unakuwa mweusi na kulowa. Pasteli isifunikwe kwa plastiki badala ya kioo, kwa sababu plastiki hujaa umeme tuli na kuvuta unga wa rangi kutoka kwenye karatasi. Kioo au plastiki yoyote isigusane na mchoro: kadibodi nene iliyokatwa dirisha huweka nafasi. Rangi ya maji ipakwe kwenye karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba au ibanwe kwenye ubao mapema, la sivyo itakunjika ndani ya fremu. Rangi ya mafuta iliyokamilishwa wiki moja kabla ya kupelekwa itafika ikiwa mbichi na kunasa kwenye karatasi ya kufungia. Akriliki hukauka ndani ya saa chache. Nyuma ya fremu weka pete mbili za chuma zilizofungwa kwa skrubu, moja kila upande, theluthi moja kutoka juu, na waya wa kuziunganisha. Kile kibanio chenye meno kinachokuja na fremu za bei nafuu hukataliwa na makumbusho mengi, kwa sababu picha huteleza na kuanguka. Andika jina, kichwa cha kazi na upande wa juu kwa nyuma. Picha za kufikirika hutundikwa kichwa chini mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Siku ya sherehe ya tuzo chumba hujaa bibi, wadogo, maua na simu zilizoinuliwa. Mtoto akiwa mshindi, nendeni siku hiyo kwa ajili yake, vaeni vizuri, mpige picha mbele ya kazi yake bila flashi. Kwa ajili ya kutazama, rudini katikati ya wiki, asubuhi, mkiwa na saa moja na nusu na daftari. Angalieni tarehe ya kufunga, na kama kazi ni yenu, tarehe ya kuichukua pia: huwa ni siku chache tu baada ya maonyesho kuisha, na ukumbi unakuwa tayari unapakwa rangi kwa ajili ya msanii mwingine.